Sindano ya Miezi Tisa

Jumatatu, 1 Februari 1982
Kadi za chanjo tangu asubuhi. Mkono unauma. Mama mmoja kaja na kadi imefungwa kwenye plastiki, safi, ndani haina muhuri hata mmoja. Alidhani kuitunza kunatosha. Mwingine kamtoa mtoto kwenye foleni, eti sindano huleta homa. Ujinga huu unanichefua. Nimegonga mihuri, nimesema "Rudi akiwa miezi tisa" mpaka koo limekauka. Afadhali Musyoka wangu. Anatimiza tisa mwisho wa mwezi huu. Kadi yake niliijaza mwenyewe.

Ijumaa, 5 Februari
Siamini. Nimetoka kazini, namkuta mama mkwe kwa jirani, Mama Nekesa, ambaye mtoto wake ana surua. Musyoka kalazwa kitanda kimoja na mgonjwa, wananyweshwa uji kikombe kimoja. Kwa makusudi! Eti lazima kila mtoto aipitie, na akiipata mdogo huwa nyepesi. Eti kwao Machakos watoto huugua pamoja, wakamaliza. Nilimnyakua mwanangu. Nilifoka mpaka wapangaji wa ploti nzima wakatoka nje. Baba Musyoka kamtetea mama yake: amelea saba. Wawili aliowazika hawatajwi.

Jumatatu, 8 Februari
Nilitaka kumwuliza sista wa kliniki kama Musyoka anaweza kudungwa mapema, kabla ya miezi tisa. Nikaona aibu. Karani wa chanjo, na kwake ndiko haya! Nikafunga mdomo.
Mama mkwe simwangalii usoni. Nampakulia, naweka mezani, natoka.

Jumamosi, 13 Februari
Homa. Macho mekundu. Mungu wangu.

Jumanne, 16 Februari
Vipele, kuanzia nyuma ya masikio. Mama mkwe kafurahi, haki ya Mungu. "Imetoka nje vizuri." Nilitamani kumtapikia. Kakataza mtoto asiogeshwe, asidungwe, eti akidungwa surua inarudi tumboni. Nimembeba Musyoka mgongoni nikaenda hospitali. Sikuaga mtu.

Ijumaa, 19 Februari
Wodini. Imeingia mapafuni. Akihema mbavu zinabonyea. Hanyonyi. Kunanuka kinyesi na maziwa yaliyochacha, nami nanuka pia.
Baba Musyoka kaniambia mtoto wa Mama Nekesa amepona, anacheza uani. Nimemchukia mtoto wa watu, malaika asiye na kosa. Halafu nikakumbuka ile Jumatatu niliyonyamaza mbele ya sista. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumanne, 23 Februari
Amenyonya. Kidogo. Nimelia mbele ya watu wote.

Jumapili, 28 Februari
Tuko nyumbani. Anahema vizuri, ila sikio moja bado linatoka usaha. Leo ametimiza miezi tisa.
Nilikuwa nimebandika chai. Mama mkwe amempakata. Akaniuliza polepole, "Mama Musyoka, sindano hiyo mnayodunga watoto ni ya nini hasa?"
Nikamwambia ni ya kukinga surua. Akidungwa, hana haja ya kuipitia.
Alinitazama sana. "Kumbe kuna kitu cha kuizuia? Na wewe ulijua?"
Amekaa kwangu tangu Krismasi. Nimemkaripia juu ya chupa, nepi, moshi wa jiko. Hili sikumwambia. Wala wale akina mama wa foleni sijawahi kuwaambia. Nawapa tarehe tu, kisha nawaita wajinga.
Nikaketi karibu naye, nikamweleza yote tangu mwanzo. Nilipomaliza, chai ilikuwa bado haijachemka.