Omari Alisimama

Singida, Jumapili asubuhi. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu niondoke kijijini kwetu Masaki.

Mpendwa shemeji Omari,

Hapa kwa binti yangu, bodaboda hupita mbele ya dirisha tangu alfajiri. Wanayapita magari kushoto, kulia, hata katikati ya malori mawili. Kila mmoja akipita hivyo, natazama pembeni. Nimechoka kutazama pembeni.

Unakumbuka siku uliponunua pikipiki, nikakuchorea barabara kwa chaki barazani kwako? Nilikuwa nimestaafu ualimu, sina wa kumfundisha. Gari linapitwa kulia, nikakuambia, tena ukiona mbele ni kweupe. Foleni ikisimama, nawe simama. Dada yangu, mkeo, akacheka mlangoni: "Kaka, huyo nikimtuma chumvi anarudi na sukari. Atayakumbuka hayo?"

Uliyakumbuka. Wenzako kijiweni walikuita Bibi Harusi kwa vile ulivyokuwa ukisubiri nyuma ya malori ya mkaa, nawe ukawajibu, "Kimbieni tu, harusi haianzi mpaka nifike."

Asubuhi ile ulikuwa unanipeleka Tumbi, kliniki ya macho. Kofia ngumu ilikuwa moja, ukanivalisha mimi. Misugusugu tukakuta foleni ya malori. Ukasimama nyuma ya lori la mwisho, ukazima injini. Nikatazama saa. Niliogopa kukosa namba ya kumwona daktari.

"Pita kushoto, Omari."

"Shemeji Mwalimu, chaki imefutika?"

"Pita bwana, nafasi ipo."

Ukapita, kwa sababu ni mimi niliyesema. Kwenye lori la tatu utingo akaruka chini upande wa kushoto, kama matingo wote wanavyofanya lori likisimama. Ukamkwepa. Yeye hakuguswa. Mimi nilivunjika mkono. Wewe kichwa chako kilipiga ukingo wa mtaro.

Msibani kwako mtani wenu alisimama mbele ya jeneza, mikono ameitanua kama trafiki: "Simama! Leo hakuna kupita kushoto!" Watu wakacheka huku wanalia, kama ilivyo desturi yetu, hata dada alitabasamu. Kisha mzee mmoja akasema, "Bodaboda ndivyo walivyo, haraka haraka," na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa hapo hapo, mkono umefungwa bendeji. Sikusema kitu. Maneno hayo yakabaki juu ya jina lako, na wanao wamekua wakiyasikia.

Baada ya arobaini nilihama. Nilisema nafuata hewa kavu kwa ajili ya macho. Hayakuwa macho.

Mwezi uliopita nilimwandikia dada mambo yote haya. Alinipigia simu. "Nimewasomea watoto, Kaka," alisema. "Ungesema siku ile, ningekusamehe siku ile." Kuhusu leo hakusema, nami sikuuliza.

Ndiyo maana sasa naandika wazi, wasome wote waliokuwepo msibani. Omari hakuwa na haraka. Omari alisimama na kuzima injini. Mwenye haraka alikuwa abiria wake, aliyevaa kofia.

Pumzika, shemeji. Masaki sitarudi.

Shemeji yako,
uliyempakia