Jua Liwe Nyuma ya Nani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, siku ambayo nitasimama mbele ya hadhira kuzungumzia picha zangu, nami hadi sasa sijaamua kama niseme kweli au niseme vizuri.

Mimi ni mhitimu wa shahada ya isimu ya Kiswahili, daraja la kwanza (nalitaja hili si kwa kujisifu bali kwa kuwa ndilo linaloizidisha aibu yangu), na upigaji picha nimejifundisha mwenyewe, bila darasa wala mwalimu, kwa kamera kuukuu niliyoinunua kwa fundi ambaye, aliponikabidhi, aliniachia wosia mmoja tu: "Mpiga picha hampigi mtu mpaka jua liwe nyuma yake." Niliupokea wosia huo kama sheria, nikaenda moja kwa moja kwenye saluni ya dada yangu mkubwa, ambaye ni msusi, nikamwomba kila mteja aligeuzie dirisha mgongo, nikapiga, na nyuso zikatoka nyeusi tii, lakini kila unywele uliosimama ukawaka pembeni kama uzi wa shaba, nami nikasadiki kwamba ndivyo mabingwa wa fani hii wafanyavyo.

Wateja walizipenda, mshauri. Mama mmoja muuza vitambaa aliishika yake kwa mikono miwili akasema, "Uso wangu nauona kila siku kwenye kioo, umeshanichosha. Lakini nywele zangu hivi? Sijawahi kuziona!" Dada akazibandika ukutani.

Baadaye, nikitazama video za mafunzo kwenye simu, niligundua kwamba ile "yake" ya fundi ilimhusu mpiga picha mwenyewe, ilhali mimi, mtaalamu wa lugha, nilikuwa nimemvisha mpigwa picha, yaani muda wote huo nilikuwa nikifanya kinyume cha somo la kwanza kabisa. Nikajisahihisha, nikawageuza wateja ili walitazame dirisha, na kweli nyuso zote zikaonekana, zimekunjamana kama zimelamba ndimu. Muuza vitambaa akaja juu: "Hii si picha, hii ni kitambulisho! Turudishie ile ya kwanza, bwana." Basi nikakirudisha kiti kilivyokuwa, safari hii nikijua nifanyalo, nikajifunza kutundika taulo jeupe ubavuni ili shavu lipate mwanga kidogo, nikajifunza kungoja wingu lipite, nikaharibu nyingi kabla ya kupata moja.

Sasa msimamizi wa ukumbi mkubwa wa maonyesho alikuja kusukwa, akaziona, akainuka kichwa nusu bado timtim akampigia mwenzake simu, na matokeo yake ni kwamba ukuta mzima wa ukumbi huo umetengwa kwa ajili yangu. Aliponiomba maelezo ya kazi yangu, niliandika hivi: "Msanii huuficha uso kwa makusudi ya kinadharia ili kuhoji mamlaka ya utambulisho." Dada alipoyasoma alicheka hadi akamvuta mteja nywele. "Mamlaka ya nini? Mdogo wangu, si ulielewa vibaya tu? Ukiyasoma hayo mbele za watu, nakwambia nitanyoosha mkono."

Na atanyoosha, namjua. Kibaya zaidi, mhadhiri wangu wa sintaksia, mwenye kauli ya mwisho kuhusu nafasi ya mhadhiri msaidizi niliyoiomba, amealikwa na atakuja, naye ndiye aliyekuwa akituonya darasani kwamba kimilikishi kisichojulikana mwenyewe ni mzigo uliosahaulika kituoni. Nikikiri kwamba maonyesho yangu yote yamezaliwa na "yake" iliyonipiga chenga, je, nitaipata nafasi hiyo? Na nikinyamaza, nitamtazamaje dada?

Wako mtiifu,
Msomi wa Saluni

JIBU

Mwanangu msomi, barua yako nimeianza nimesimama, nikaimalizia nimekaa kwa kicheko. Pole kwa jasho linalokutoka. Sasa nisikilize.

Umeandika kuniomba nikufichie aibu, kumbe una ushindi mkononi na umeukalia. Soma tena ulichoniandikia. Picha za kwanza zilikuwa za bahati. Nakubali, mshukuru fundi na ulimi wake. Lakini ulipoujua ukweli hukuishia hapo. Ukajaribu njia iliyonyooka, ukaiona haikupeleki unakotaka, ukakigeuza kiti kwa mkono wako mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna kosa tena. Kuna kazi. Taulo ulilitundika kwa kukosea? Wingu ulilingoja kwa kukosea?

Hayo maelezo yako ya "mamlaka ya utambulisho" yachane. Nimewasomea wenzangu hapa ofisini. Mmoja akauliza kama ni tangazo la serikali. Umeshika kitu kizuri halafu ukakifunga kwenye gunia la maneno makubwa, ukidhani wageni watakuja kulisifu gunia. Mficha uchi hazai, mwanangu. Chukua maneno ya yule mama muuza vitambaa, muombe ruhusa, uyaandike ukutani kwa herufi kubwa. Kwa sentensi zake fupi amesema yote uliyoshindwa kusema na shahada yako.

Kuhusu mhadhiri, hapo ndipo uliponishangaza. Mwalimu wa sintaksia aletewe sentensi hai, iliyotoka kinywani mwa fundi, yenye utata uliozaa ukuta mzima wa picha, halafu akasirike? Mtamkie mbele ya watu, umuulize kwa heshima: kimilikishi hiki ni cha nani? Utaona atakavyovua miwani. Mimi mwenyewe niliisoma mara tatu kabla ya kuelewa umekosea wapi, na maneno ndiyo yanayonilisha. Akikunyima nafasi kwa sababu hiyo, na atunyime sote tunaoongea.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi nenda saluni ukamshukuru dada yako. Amekupa dirisha, kiti, taulo na vichwa vya wateja wake, nawe katika barua yote hii umemwogopa tu. Mwambie akae mstari wa mbele, na wateja wake kando yake, wamesuka wakapendeza. Kisha Jumamosi anza na fundi: sema alichokwambia, sema ulivyoelewa, waache wacheke mpaka wachoke. Wakinyamaza, waambie kwa nini ulikirudisha kiti.

Na jambo la mwisho. Kwenye karatasi yako umeandika "msanii huuficha uso", kana kwamba ni mtu mwingine aliyepita njia. Watakapouliza nani amezipiga picha hizi, usiwatajie "msanii". Sema "mimi", kwa sauti ifike mlangoni, kisha simama wima uyapokee makofi yako.