Sayari ya Tisa Haitakatwa

Mjomba,

Nakuomba sana, haya yabaki kwako. Usimwambie hata jirani yako wa huko makaburini, maana sijui siku hizi habari zinapitia wapi. Nimejifungia kwenye stoo ya shule na kinyago chako, naandika huku nikisikiliza viatu vya makamu mkuu.

Tangu tukuzike, mambo yamebadilika. Unakumbuka ulivyokichongea shule yetu: jua chini, sayari tisa zikipanda kwenye gogo moja la mpingo, zimeshikana bila kiungo wala gundi, kama mnavyochonga watu wa ukoo mmoja wakibebana. Ulifuata picha iliyobandikwa darasani. Ulipomaliza ndipo nikakwambia kwamba wataalamu wameshaiondoa ile ndogo ya mwisho, siku hizi wanahesabu nane. Ukacheka mpaka ukaweka patasi chini. "Imekosa nini? Kumbe na huko juu kuna vibarua!"

Sasa makamu kakiondoa barazani, kakitia stoo, anasema kinapotosha wanafunzi. Kaniagiza mie, karani wa mkataba, niandike barua ya kukiondoa kwenye mali za shule. Ningemwamini. Lakini aliniuliza, "Kina kilo ngapi hiki?" Kosa linapimwa kwa kilo, Mjomba?

Juzi kaja na yule mnunuzi wa vinyago wa Mwenge, yule aliyekuwa akikupunja. Hakuzihesabu sayari. Alipitisha kidole katikati yake akitafuta kiungo, akakikosa, akatabasamu. Kisha akanigeukia: "Pole na msiba, dogo." Nani alimwambia kwamba mimi ni mpwa wako?

Simshuku mtaalamu aliyezihesabu sayari upya. Babu yako aliamini mbingu ni kifuniko. Wasomi wa kale waliiweka dunia katikati. Wakabishana, wakatishana, jua likachukua nafasi ile. Baadaye jua nalo likaonekana ni nyota moja tu kati ya nyingi mno, na sasa wanasema makundi ya nyota yenyewe yanazidi kuachana. Ulikuwa ukinitania, "We karani, waambie waamue, gogo likishakatwa halirudi." Hawataamua, Mjomba. Wataendelea kutazama. Ninayemshuku ni mtu aliyepita mbele ya kosa hili kila siku, akaja kuliona wiki ile ile mnunuzi alipoingia getini.

Leo asubuhi nilikitoa stoo nikakirudisha barazani, nikabandika karatasi chini ya jua lako: "Hivi ndivyo tulivyoufahamu ulimwengu. Leo tunahesabu nane. Kesho tutaona." Nikamwomba mwalimu wa fizikia alete kidato cha pili. Wakakizunguka, wakabishana, mmoja akadai ile ya tisa irudishwe kazini. Ungefurahi. Sasa darasa zima linakijua. Hakiwezi kutoka kimya kimya.

Makamu kaamuru kirudishwe stoo. "Nani kabandika karatasi hii?" Nikainama kama natafuta kalamu. Naandikia juu ya goti, samahani kwa mwandiko.

Kwaheri, Mjomba wangu. Barua yake sitaiandika, na ile ndogo haitakatwa, hata wakisema kosa lirekebishwe. Nakuahidi.

Ukinihitaji, usipitie ofisini. Makamu anafungua kila kinachoingia. Nyumbani pia hapana, mama atashtuka. Njoo kwenye kibanda chako Mwenge, stuli yako bado iko chini ya turubai. Nakaa pale Jumamosi. Gonga gogo mara moja, ulivyokuwa ukigonga kusikia kama lina ufa. Nitajua ni wewe. Mkataba usipoongezwa, utanikuta hata Jumatatu.

Mpwa wako