Ekyanzi Kimerudi Mabira

Shikamoo Mama. Magoti yanaendeleaje na baridi hii?

Ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa cha jirani yako wa zamani, nimekifikisha Mabira, kile alichokuletea kikiwa na maziwa nilipoumwa nikiwa mchanga, mkaondoka nacho kunikimbiza hospitali wala hamkurudi tena. Kutoka Omurushaka nilikipakata kwenye bodaboda, mvua ikininyeshea, huku napanga maneno ya kuomba radhi. Chombo cha urithi wa mama yake, na sisi tukakitumia kuwekea mbegu za maharage miaka yote ile!

Mwenyewe yu hai, ila macho yamekwisha, haoni tena. Alikipapasa, akakinusa. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Yule mtoto alipona?"

Hakuna aliyewahi kumpelekea habari, Mama.

"Ndiye mimi, Bibi."

Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa vilevile. Kisha akaagiza ekyanzi kioshwe, kifukizwe kwa moshi wa nyasi, kijazwe maziwa. Akakaa karibu yangu, akinisikiliza ninavyokunywa mpaka nikamaliza.

Amekusalimu sana. Usijisumbue tena moyo.

Mwanao niliyepona,
Asimwe