Tundu la Waya wa Stoo

Mtaa wa Sofia, Voi
14 Septemba 1998

Mpendwa dada Mable,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Wewe na watoto hamjambo? Mama naye, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka na mizigo.

Tajiri wetu wa vifaa vya ujenzi ameleta kompyuta. Mimi ndiye niliyechimba sakafu na kupitisha waya. Nyaya zote, za stoo na za wahasibu, zinaingia kwenye sanduku moja lenye matundu. Ajabu ni kwamba kompyuta ya stoo haioni za wahasibu. Nilishuku fundi wa Nairobi aliyezifunga ametudanganya.

Nasima, karani wetu, alinicheka. "Mzee Munyao, fundi amegawanya mtandao kwa maagizo, si kwa ukuta. Matundu haya ni ya stoo, yale ya wahasibu. Sanduku ni moja, lakini pande hizi mbili hazisikizani."

"Na waya ukihamishwa tundu?"

"Basi umehama nyumba."

Sasa ufunguo wa chumba chenye sanduku hilo nilipewa mimi, eti nifagie. Kwa nini mimi nisiyejua kitu? Naona niliwekwa pale ili pakiharibika nilaumiwe.

Wiki jana Kilonzo wa stoo, yule wa kwetu Mwingi, alinijia na soda. "Kaka, nihamishie waya wangu upande wa wahasibu. Ni kuchomoa na kuchomeka tu."

Nikamwuliza anatafuta nini huko.

"Kwani wewe ni askari wa waya? Fanya, na Mwanzia wenu ataanza kupakia simiti hapa Jumatatu."

Mable, niliiweka soda chini. Hapa Voi sijamwambia mtu yeyote kwamba mwanao anatafuta kazi. Uliniandikia mimi tu. Na Kilonzo alikuwa huko nyumbani Agosti. Mlizungumza nini?

Mwanzia nampenda, na najua anavyoumia kukaa bure. Lakini waya ule sikuugusa. Nilimrudishia tajiri ufunguo mbele ya watu, nikasema kufagia kule kumenishinda. Sasa Kilonzo hanisalimii, na tajiri ananitazama kama mwizi. Huenda nikafukuzwa.

Msalimie mama, na binti yako Susan, na shemeji. Mwanzia asipande basi kuja huku, hata Kilonzo akimwita. Mungu awafunike nyote.

Kama ni wewe uliyemwomba Kilonzo, niambie mwenyewe. Nitakasirika, kisha yataisha. Nikiyasikia kwake, sijui.

Ndugu yako, akupendaye hata akikushuku,
Munyao