Mshahara Wangu na Jina la Munene

Jumatatu, 18 Mei

Zamu ya asubuhi kiwandani. Makadamia, makadamia, makadamia. Kuchagua nzuri, kutupa zilizooza. Mikono inanuka mafuta. Sijali. Wiki ya sita tangu niolewe na Munene, na bado nikisikia hatua zake mlangoni hapa Dallas, mtaa wetu wa Embu, moyo unaruka kama wa msichana wa shule.

Mama amepiga simu kutoka kwetu Kanyakine. Jumamosi anakuja na wanawake wanne kuona nyumba yangu. Mmoja ni Tata Kagwiria, dada yake mkubwa. Huyu ndiye aliyesema mbele ya watu wetu wote kwamba nikiolewa na fundi wa mabomba wa Embu nitakula mapenzi mpaka nikonde. Lazima ale nyama kwangu. Lazima!

Hakuna shida. Nimefanya kazi siku kumi na nne mwezi huu. Kesho nitatoa sehemu ya mshahara kwa simu, kama kawaida.

Jumanne, 19 Mei

Shida.

Simu imekataa. Eti kanuni mpya za serikali. Kupewa mshahara kabla ya mwisho wa mwezi sasa kunahesabiwa kama mkopo, kwa hivyo kila mfanyakazi asajiliwe upya. Jina la kitambulisho, la laini ya simu na la kiwandani lazima yalingane.

Mkopo! Nani amenikopesha? Nimesimama siku kumi na tano kwa miguu yangu. Hizo ni pesa zangu, zimelala tu kwa tajiri. Niliapa nyumba yetu haitaanza na deni, hata la kilo moja ya nyama. Sasa naambiwa nina deni la pesa zangu mwenyewe. Nimekasirika mpaka nikaunguza ugali. Munene ameula wote, akasifu. Mume wangu!

Jumatano, 20 Mei

Mimi ni mjinga. Mjinga mwenye furaha, lakini mjinga.

Wenzangu huchukua miaka kubadilisha jina. Mimi nilichukua wiki moja. Nilitaka kuwa Kendi Munene haraka, kila mahali. Nikarudisha kitambulisho cha zamani, nikapewa karatasi ya kusubiri kipya. Siku hiyo hiyo nikapeleka cheti cha ndoa kiwandani wanibadilishe jina. Laini ya simu nikasahau.

Karimi wa ofisi ya wafanyakazi aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi.

"Huku kazini wewe ni wa Munene. Kwa simu bado ni wa baba yako. Kitambulisho huna. Sasa nimlipe nani?"

"Mimi!"

"Kompyuta haikujui, dadangu. Pole kwa harusi."

Alicheka. Sikucheka.

Alhamisi, 21 Mei

Karimi amenipa karatasi ya masharti mapya. Hao wenye huduma ya kutoa mshahara mapema sasa wanalazimishwa kuonyesha ada yote waziwazi, na ile waliyokata zamani. Nimejumlisha yangu. Kila nilipotoa kidogo mwaka jana ili nimpigie Munene simu, walimega. Imefika karibu mshahara wa wiki. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwa hivyo serikali ina haki kidogo. Hilo limeniudhi zaidi. Nilitaka mtu mmoja wa kumkasirikia.

Munene hana kitu. Hulipwa kazi ikiisha, na mabomba ya huko Runyenjes hayajaisha.

Ijumaa, 22 Mei

Karimi amepata njia. Nakala ya kitambulisho changu cha zamani iko kwenye faili. Niandike barua kwamba nafuta ombi la jina jipya. Nirudi kuwa Kendi Mutwiri, jina la baba, na pesa zitaingia leo leo.

Nilishika kalamu. Nikaandika tarehe. Basi.

Munene aliposikia alisema, "Andika tu, mpenzi. Jina litarudi. Wageni ni kesho."

Nimekataa. Nimelia kwa hasira. Sijui hata namkasirikia nani. Nikampigia Mama, nikamwambia hakuna nyama.

"Kwani tunakuja buchani?" akasema. Lakini najua Tata alikuwa karibu, anasikia.

Jumamosi, 23 Mei

Wamefika saa tano. Mama alikagua hata chini ya kitanda. Munene alipika mwenyewe: ndizi za kutoka Mitunguu na minji, njegere mbichi za kijani. Nilimpenda hadi nikaona aibu.

Tata alichimba sahani yake na kijiko. Akachimba tena.

"Kendi, nyama imejificha wapi?"

Nikaeleza mbio mbio. Kanuni, simu, kompyuta, barua ambayo sikuandika.

"Yaani ulipewa uchague nyama au jina la mwanamume, ukachagua jina?"

"Ndiyo, Tata."

"Haya, wanawake. Leo tunakula jina."

Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Nilitamani kuingia chini ya kile kitanda. Munene akamwinamia Tata kwa heshima.

"Tata, lina chumvi ya kutosha?"

Tata akasukuma sahani mbele aongezewe.

Jumapili, 24 Mei

Jua kidogo baada ya kanisa. Mshahara uko kule uliko. Utakuja siku ya wote.

Mama alipiga simu. Anasema walipokaribia Kanyakine Tata aliuliza Munene hupumzika siku gani. Eti atarudi kula jina tena.

Nilimuuliza Munene.

"Jumapili," akajibu, akaendelea kuanika mashuka.

Nimekaa mlangoni na chai, namwangalia.