Hakuna wa Kuiua Kura Yangu

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa najua marahaba sitaipata. Zuhura amelala, na mimi nimekaa kidogo kabla hajaamka kutaka ziwa.

Tumepiga kura ya mwenyekiti wa kitongoji. Nilishuka peke yangu hadi shuleni, mtoto mgongoni, na utelezi ule ule wa pale kwenye migomba. Mmoja akanitania kwenye foleni, leo mpinzani wako umemwacha wapi, kisha akakumbuka msiba wetu. Kumbe nilizoea kukusikia ukihema nyuma yangu na kunichokoza. "Mimi na wewe tungebaki tu tukapalilia njegere. Yangu inaiua yako, yako inaiua yangu." Na bado siku ya kura ulikuwa wa kwanza kufunga kilemba.

Wewe ulichagua mtu. Nani alikuja msibani, nani akipita anasimama kusalimia. Chama kwako kilikuwa shati, mtu analivaa na kulivua. Mimi nikakubishia, mtu mmoja akilala nani atamwamsha? Bora chama, kina wengi wa kuulizwa. Halafu siku ile mdogo wangu Salehe alikuja toka chuoni akatueleza kuwa ziko nchi ambako viti vya bunge vinagawanywa kwa kadiri ya kura za kila chama, hata aliyeshindwa anaondoka na vyake. Ukacheka mpaka ukashika ubavu. "Kama nyama ya harusi." Ukamuuliza, sasa huko njia ikibomoka mtu anakwenda kugonga mlango wa nani?

Mtu wako safari hii alikuwa Baba Shabani, yule yule wa miaka yote. Mkewe alikuja kwangu, akakaa, akasema nimpe mumewe kura hii kwa ajili yako, iwe heshima yako ya mwisho. Sikuweza kumkatalia. Maana ni kweli, Mama, tulipokushusha kwa machela kukupeleka hospitali mjini, Baba Shabani ndiye aliyeshika mbele. Alikataa kupokewa. Bega lake lilichubuka.

Kwenye kituturi cha kupigia kura nilisimama na kile kikaratasi mpaka msimamizi akakohoa. Nilitaka kuweka alama yako. Nani angejua? Ningekuwa nimekusikia tena, hata kidogo. Lakini nikajiuliza, alikubeba vizuri, sawa, ila kwa nini ulibebwa? Miaka yote aliyokalia kile kiti, njia yetu haipiti hata pikipiki. Mkutano wa kuizungumzia haitishi, na akiitisha ataongea yeye mwanzo mpaka mwisho. Nikaweka alama ninapoweka siku zote.

Kura zikahesabiwa mbele yetu. Baba Shabani ameshindwa kwa kura moja.

Moja, Mama. Niliwaona wakinitazama. Ungekuwepo ingekuwa sare. Siku hizi bombani wananipisha nichote kabla ya zamu yangu, na si kwa wema. Salehe alipiga simu kunipongeza, chama chetu kimepata. Nikamwambia mtoto analia, nikakata. Mtoto hakuwa analia. Nilitaka mtu wa kuninunia jikoni, agonge masufuria, aseme mmetuibia. Nimeshinda na nyumba imenyamaza kimya.

Kesho yake baada ya kura, Baba Shabani akaja. Akampokea Zuhura mikononi mwangu, akakaa naye kizingitini.

"Mama yako angenipa," akasema.

"Angekupa, Baba Shabani."

Yangu ilikwenda wapi hakuuliza, na mimi sikukwepesha macho. Nikamletea uji. Akanywa wote, akanirudishia mtoto, akaaga kama anavyoaga siku zote. Nilitamani anitukane.

Huyu mpya ni kijana, mwepesi wa kuahidi. Mkutano wake wa kwanza nitakaa mbele na mtoto wangu, niulize habari ya njia. Akinizungusha, nitauliza tena, na asinitegemee kwa kuwa tumevaa shati moja. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Mama. Na wakija tena kuniomba nikupigie kura yako, nitawaambia hiyo umekwenda nayo. Mimi nina yangu tu, na ni nzito sana bila yako.

Mwanao,
Asha